Uzi wa Kufumia Wanyama Wadogo wa Msituni: Upi Ununuliwe Kwanza, Upi Usubiri

Mtu anayeingia dukani kutafuta uzi wa kufumia komba, kindi au sungura wa kujazwa pamba kwa kawaida huanza kwa kuubana uzi kiganjani, na ule anaouona laini kuliko yote ndio anaoondoka nao. Kipimo hicho kinafaa kwa shali na kwa sweta ya mtoto mchanga, lakini kwa mnyama mdogo wa kroshia kinapotosha, kwa sababu mnyama huyo havaliwi, bali hujazwa. Kinachoamua kama atapendeza ni vitanzi kushikana kiasi cha kuizuia pamba ya ndani isichungulie nje, na umbo alilopewa siku ya kwanza kubaki vilevile hata baada ya mtoto kumshika mkia na kumburuta nyumba nzima. Nyuzi zinazotajwa hapa zimepangwa kwa kipimo hiki cha kushikana na kudumisha umbo, na bei imezingatiwa baada yake.

Kabla ya kuchagua aina, mnunuzi anapaswa kuutazama unene. Ufumaji huu, unaojulikana duniani kote kwa jina lake la Kijapani, amigurumi, hufanywa kwa vitanzi vifupi vinavyozunguka bila kukatika, kwa sindano ya kroshia iliyo nyembamba kuliko ile inayopendekezwa kwenye lebo. Uzi ambao lebo yake inataja sindano ya milimita 4 hufumwa kwa ile ya milimita 2.5 au 3, na upungufu huo ndio unaofunga matundu. Kwa mnyama wa sentimita 12 hadi 15, unene unaofaa ni ule ulioandikwa kwenye lebo DK au namba 3, yaani unene wa wastani, au mwembamba kidogo kuliko huo. Uzi wa namba 4 hauna ubaya wowote, ila kielelezo kilekile, yaani maelekezo yaleyale ya ufumaji, kitatoa mnyama mkubwa zaidi, na sehemu ndogo kama pua ya sange au vidole vya komba zitapoteza umbo.

Nafasi ya kwanza: mchanganyiko wa pamba na akriliki

Kama mnunuzi ana fedha ya aina moja tu ya uzi, na anunue uzi ambao nusu yake au zaidi kidogo ni pamba na iliyobaki ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Mfano unaojulikana sana ni YarnArt Jeans kutoka Uturuki, wenye pamba asilimia 55 na akriliki asilimia 45, ambao donge lake la gramu 50 lina mita 160. Alize Cotton Gold, nao wa Uturuki, una uwiano huohuo na huuzwa katika donge la gramu 100 lenye mita 330. Pamba iliyomo huufanya ufumaji ukaze na usivutike ovyo, nayo akriliki huupa uzi wepesi na unyumbufu kidogo, hivyo kwamba mkono hauchoki upesi ingawa sindano ni nyembamba na vitanzi vimebanwa.

Faida hiyo huonekana zaidi katika miji ya mwambao. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mikono hutoa jasho, na akriliki tupu huanza kukwama kwenye sindano. Mchanganyiko huu hupita vizuri zaidi. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya nyuzi hizi hazikusokotwa kwa kukaza, kwa hiyo ncha ya sindano inaweza kupita katikati ya uzi na kuupasua badala ya kuunasa wote. Dawa yake ni kuchagua sindano yenye ncha ya mviringo, na kuufunua uzi kidogo kabla ya kulipa ili kuona jinsi ulivyosokotwa: shika kipande cha urefu wa kidole, kizungushe kinyume cha msokoto wake, ukiona nyuzinyuzi zinaachana mara moja, tafuta mwingine.

Zipo pia nyuzi za bei nafuu kutoka China zinazouzwa kwa jina la pamba ya maziwa. Nyingi zinafumika vizuri na zina rangi nyingi za kupendeza, lakini jina hilo lisimshawishi mnunuzi, maana linaweza kubandikwa kwenye michanganyiko inayotofautiana sana. Asome asilimia zilizoandikwa kwenye lebo, na pasipo asilimia auhesabu uzi huo kuwa ni akriliki hadi atakapothibitisha vinginevyo.

Nafasi ya pili: pamba tupu

Kwa mfumaji aliyekwisha kuzoea, pamba tupu inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza, kwani hakuna uzi unaoonyesha kila kitanzi kwa usafi kama huu. Wanyama wenye viungo vyembamba, kama sange mwenye pua ndefu au paa mwenye miguu mithili ya njiti, hutoka vizuri kwa pamba kuliko kwa uzi mwingine wowote, kwa sababu haivutiki na mguu uliojazwa hausimami leo na kulegea kesho.

Pamba huja kwa namna mbili. Ya kawaida haina mng'ao, ni laini zaidi mkononi, na hutoa vinyweleo baada ya muda. Nyingine imepitishwa katika kostiki soda, njia iliyogunduliwa na mkemia Mwingereza John Mercer katika miaka ya 1840, na ndiyo maana lebo yake huandikwa "mercerized". Uzi huu una mng'ao, una nguvu zaidi na hushika rangi vizuri. Kwa wanyama wa msituni ningependekeza ule usio na mng'ao, kwa kuwa manyoya ya kindi au ya komba hayang'ai namna hiyo. Ule wenye mng'ao nauona unafaa kwa vyura, mende na kobe.

Mambo mawili yanaishusha pamba hadi nafasi ya pili. La kwanza ni kwamba hainyumbuki, hivyo kifundo cha mkono hubeba kazi yote, na mtu anayefuma kwa saa nyingi ataumia. La pili ni rangi kuchuja. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe, au kima punju wa msitu wa Jozani, Zanzibar, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kuzunguka uso, anaweza kuharibika katika ufuaji wa kwanza. Loweka kipande cha uzi mweusi au mwekundu katika maji ya uvuguvugu, kisha kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Kitambaa kikitoka na doa, uzi huo usiunganishwe na mweupe.

Nafasi ya tatu: akriliki

Akriliki ndiyo inayopatikana kila mahali, kuanzia maduka ya jumla ya Kariakoo hadi maduka madogo ya vifaa vya ushonaji mikoani, na kwa anayejifunza ni mwalimu mzuri kwa sababu kufumua na kurudia hakumtii hasara. Imewekwa ya tatu kwa sababu huvutika: mwili wa mnyama ukijazwa vizuri, vitanzi hupanuka na pamba huanza kuonekana. Tatizo hilo hupungua kwa kushuka namba moja zaidi ya sindano. Tafuta lebo inayosema kwamba uzi haufanyi vipele, kwani akriliki ya hali ya chini hujaa vijidonge kwenye mgongo wa mnyama ndani ya wiki chache za kuchezewa. Isikaribishwe na pasi ya moto, iwe ya umeme au ya mkaa, kwa sababu huyeyuka.

Hata hivyo ipo kazi moja ambayo akriliki huwashinda wote waliotangulia, nayo ni manyoya marefu. Mbega ana vazi la nywele nyeupe linaloning'inia kutoka mabegani hadi kiunoni, na mkia unaoishia na kishungi. Kwa pamba, sehemu hizo zitabaki kamba. Kwa akriliki, mfumaji hufunga vipande vya uzi vya sentimita 6 au 7 kimoja kimoja kwenye vitanzi, akavifumua msokoto wake, kisha akavichana polepole kwa brashi ya waya ya kuchania paka au mbwa, akianzia nchani na kupanda juu, mpaka uzi uachane kabisa na kuwa nywele. Mwili wenyewe ubaki wa pamba au mchanganyiko, na donge moja dogo la akriliki nyeupe linatosha kwa mambega kadhaa. Mkia wa kindi nao hufanywa kwa njia hiyohiyo.

Nafasi ya nne: sufu

Sufu ya kondoo hunyumbuka, huficha makosa madogo ya ufumaji, na ina joto la asili linalowapendeza wengi. Katika nyanda za juu za Kenya, kikundi cha Kenana Knitters cha Njoro kinatengeneza wanyama wa kujazwa kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, na kazi yao inaonyesha wazi uzi huo unaweza kufikia wapi. Kwa mnunuzi wa kawaida, hasa wa pwani, sufu ni ghali, huliwa na nondo, na ikifuliwa kwa maji ya moto hujikunja na kusinyaa isipokuwa lebo iseme "superwash", yaani imetayarishwa isisinyae ikifuliwa. Inafaa kwa mnyama wa kupamba rafu, si wa kufuliwa kila mwezi.

Nafasi ya mwisho: mahameli

Uzi huu mnene wa poliesta, unaofanana na kitambaa cha mahameli, ndio unaovutia macho ya wengi kwenye picha za simu, na ndio ninaowasihi wanaoanza wasiununue kwanza. Himalaya Dolphin Baby, ambao ni poliesta tupu, una mita 120 katika donge la gramu 100. Unataka sindano ya milimita 4 au 5, na matokeo yake ni mnyama mkubwa wa kukumbatia, si yule mdogo anayekusudiwa hapa. Ugumu wake mkubwa ni kwamba vitanzi havionekani. Mfumaji hulazimika kuvitafuta kwa kupapasa, na akikosea, kufumua mara kwa mara hung'oa vinyweleo hadi ubaki uzi mtupu wa katikati. Aliyezoea, anayetaka bundi mkubwa wa kuwekwa kitandani kwa mtu mzima, ataufurahia.

Kuhakiki uzi usio na lebo

Madonge mengi sokoni yamepoteza lebo. Muombe muuzaji kipande cha sentimita 5, na ukifika nyumbani kishike kwa koleo juu ya sinia la chuma, mbali na mapazia na watoto, ukiwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, ambacho kisiguswe kabla hakijapoa. Sufu hunuka nywele zilizoungua, nayo huzimika yenyewe mara tu moto unapoondolewa. Mchanganyiko huonyesha dalili mbili kwa pamoja, yaani jivu lenye chembe ngumu ndani yake.

Bei ilinganishwe kwa mita, si kwa uzito wala kwa ukubwa wa donge. Kwa mifano iliyotajwa juu, donge la gramu 50 la mchanganyiko lina mita nyingi kuliko donge la gramu 100 la mahameli. Mnyama mmoja wa sentimita 12 hadi 15 kwa kawaida hukamilika kwa gramu zisizozidi 60 za uzi wa DK, rangi zote zikijumlishwa, kwa hiyo donge la rangi kuu na masalio ya rangi nyingine hutosha. Anayefuma wanyama kadhaa wa kuuza anunue madonge yote ya rangi kuu siku moja, na ahakikishe namba ya bechi ya rangi kwenye lebo, yaani ya kundi la uzi lililotiwa rangi pamoja, ni moja, kwa sababu kahawia ya bechi mbili tofauti itaonekana pale kichwa kinapokutana na mwili. Vielelezo vingi vinavyouzwa mtandaoni ni vya misitu ya Ulaya, na huorodhesha rangi ya machungwa kwa ajili ya mbweha. Wanyama wetu wanahitaji zaidi kijivu, kahawia iliyokolea, nyeusi na maziwa. Kwa mnyama wa kwanza, komba wa kijivu hafifu ni chaguo jema, maana vitanzi vya rangi nyeusi havionekani vizuri usiku.

Sindano, cha kujazia na macho

Sindano mbili zinatosha, ya milimita 2.5 na ya milimita 3. Ile ya alumini yenye mpini wa mpira ndiyo bora, ikifuatiwa na alumini tupu. Ya plastiki hupinda inapobanwa na vitanzi vya kukaza. Seti kubwa ya hadi milimita 10 ina sindano nyingi ambazo kazi hii haitazihitaji kamwe.

Cha kujazia kilicho bora ni poliesta laini ya mito, kwa kuwa inafulika na hukauka haraka. Sufi inayochumwa kwenye msufi ni nyepesi na ya asili, lakini hutoa vumbi na hujikusanya ikifuliwa. Pamba ya hospitali hufanya mabonge ikilowa, na vipande vya sponji humfanya mnyama awe na vinundu.

Macho ya plastiki yenye kibanio cha nyuma huuzwa kwa kipimo cha kipenyo: milimita 6 hadi 8 kwa kindi na sungura, 10 hadi 12 kwa komba, ambaye bila macho makubwa hatambuliki. Kibanio kisukumwe hadi mwisho kabla kichwa hakijajazwa, kwa kuwa baadaye hakifikiki. Macho hayo hayafai kwa mnyama atakayepewa mtoto wa chini ya miaka 3, hata yawe yamebanwa namna gani, kwa sababu yakichomoka yanaweza kumkaba. Kwa mtoto huyo macho yashonwe kwa uzi mweusi wa pamba, na sindano ya kushonea iwe butu yenye tundu kubwa ili isipasue vitanzi vya uso.