Postikadi za kale Uhindini Iringa: vichekesho vipo, na feki zipo

Kwa wale mnaoniulizaga kuhusu lile duka la vitu vya kale hapa Iringa mjini upande wa Uhindini, jibu langu ni nendeni, ila nendeni macho yakiwa wazi. Duka lenyewe chumba kimoja tu, redio za mbao, pasi za mkaa, sarafu za mkoloni, halafu kule kona ya mwisho kuna maboksi ya viatu yamejaa postikadi. Mzee muuzaji anasema nyingi zimetoka kwenye nyumba za walowezi, wale wa chai Mufindi na Wagiriki wa tumbaku, watu wakaondoka wakaacha makabrasha na wenyeji wakayachukua na makabati yake.

Wengi wanaingia kutafuta picha za mji wa zamani, mimi nilifuata vichekesho na aisee nimecheka. Boksi la Waingereza limejaa kadi za ufukweni, zikiwemo za mchoraji wao Donald McGill, limama limefura ndani ya nguo ya kuogelea, mume kiduchu pembeni, mlevi ana pua nyekundu, mchungaji kasikia neno lenye maana mbili kageuza shingo. Sasa huyo McGill mwaka 1954, babu wa miaka 79, alipandishwa kizimbani mji wa Lincoln kwa sheria ya mambo ya aibu ya mwaka 1857, faini pauni 50 na gharama za kesi pauni 25. Ukiziangalia leo unatafuta aibu yenyewe huioni, singeli moja ya kwenye daladala inazidi boksi zima. Mzee alipoona nashangaa akanikumbusha kwamba 1954 hiyohiyo ndo Waingereza walirudisha fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, hapo Kalenga. Yaani huku wanarudisha kichwa cha mtu, kule wanahangaika na babu na michoro ya wanawake wanene.

Ila zilizonimaliza ni za mama mkwe. Ziko nyingi mno, mama mkwe kaja kusalimia na masanduku saba, mama mkwe anaondoka na mkwe anaruka kwa furaha stesheni. Mimi mtu wa Tukuyu, kwetu enzi za bibi mwanamke aliyeolewa hata kukutana na baba mkwe njiani ilikuwa mwiko, anakata kona anapitia migombani, jina lake hathubutu kulitaja, sasa mtu anamnunulia mkwe kadi ya kumsema, anabandika stempu na kuituma wazi bila bahasha, karani wa posta asome, dada wa kazi asome, ndo imfikie mhusika! Ichukulie kama kanga tu, maneno unamfikishia mtu na ukiulizwa unasema si mimi, nimenunua imeandikwa hivyohivyo. Mzee ni Mhehe, akaniambia nyie Wanyakyusa mngechora mkwe mngelipishwa ng'ombe ukoo mzima, nikamjibu nyie mngechora mbwa kwenye sinia, basi tukamalizana.

Za Wamarekani za mwaka 1908 nazo usiziache. Ule ulikuwa mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29, na kwao kulikuwa na mila kwamba mwaka huo mwanamke anaruhusiwa kumposa mwanaume, basi wachoraji wakawachora wadada wanakimbiza wanaume na nyavu kama wavuvi wa Matema. Kuna na zile za kuwakejeli wanawake wa Uingereza waliodai kura, baba kafunga aproni anabembeleza mtoto, nyumba shaghalabaghala, mama yuko mkutanoni. Wakaipata 1918, tena kwa waliofika miaka 30 tu, usawa na wanaume ni mpaka 1928. Kijana mmoja pembeni yangu alicheka hiyo ya aproni mpaka akakohoa, nikamuuliza kwani Jumamosi mkeo akienda kikoba watoto wanabaki na nani, akanyamaza.

Boksi moja sikulipenda kabisa. Zile za Afrika Mashariki zenye wadada wameachwa kifua wazi mbele ya kamera, chini wameandika kabila tu. Jina la studio lipo limechapwa vizuri, la binti hakuna. Na ndo ghali kuliko zote, 25,000 moja, eti watalii wanazigombania. Mimi naona zingekaa makumbusho na maelezo yake, sio kuchanganywa na vichekesho mezani pamoja na za mama mkwe.

Kuhusu feki, zipo na mzee hafichi ila mpaka umuulize. Nenda na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, wakala yeyote wa pesa anayo, ukiimulika kadi ya kabla ya vita ya pili karatasi inabaki imepoa, ya juzi inawaka nyeupe kabisa. Halafu za enzi za Mjerumani geuza nyuma, mpaka 1905 upande wa anwani haukugawanywa, ujumbe ulibanwa mbele kuzunguka picha, kwa hiyo ukiona tarehe ya 1899 na nyuma kuna mstari katikati, rudisha. Ndani kuna giza, kuangalia huo mstari toka na kadi nje.

Bei vichekesho 3,000 mpaka 8,000, zilizoandikwa na kutumwa ni juu kidogo na kwangu ndo tamu zaidi, moja mtu kamwandikia dada yake kwamba hiyo michoro imefanana na shangazi yao na asimwonyeshe. Mpesa anapokea, chenji hana. Jumapili kufuli. Na mkimkuta kijana wake badala ya mzee, msinunue kitu, huyo anaangalia viatu vyako kwanza ndo anataja bei.