Pora: kumzoesha mikononi au kumwachia nafasi yake?

Baadhi ya wafugaji wa kuku wa kienyeji na kuroila (kuku chotara) hapa Uganda humbeba pora, yaani jogoo mchanga, tangu kifaranga, wakimlisha mtama kiganjani. Faida ipo: ni rahisi kumkamata siku ya chanjo au ya kukagua utitiri. Tatizo huja akifikisha miezi minne au mitano, homoni zinapopanda. Hana tena hofu na mtu, kwa hiyo anakuona jogoo mwenzake. Ataanza kwa kushusha bawa moja na kukuzunguka kiubavu. Watu hucheka wakidhani anacheza, kumbe anakupima. Kinachofuata ni kudonoa viatu, kisha kurusha kucha, na mtoto mdogo huumia usoni.

Njia ya pili ni kumwacha akue kati ya mitetea wakubwa, ikiwezekana na jogoo mzee mpole. Hao humtia adabu kuliko fimbo yoyote. Wewe mwagia chakula chini, pita katikati ya kuku bila kumkwepa, yeye ndiye apishe. Umshike kwa kazi tu, ikiwezekana usiku akiwa kwenye kichanja, maana gizani hutulia.

Kwenye boma lenye watoto, ya pili ndiyo salama zaidi. Ya kwanza inamfaa anayefuga jogoo mmoja bandani.

Akishakurukia, usimpige teke. Kwake hilo ni pambano limekubaliwa. Mbane kwapani, mabawa yakiwa yamefungwa, hadi aache kufurukuta. Akiendelea wiki baada ya wiki, ni wa sufuria, na asizalishwe.