Thunderbird: kutafuta meili kukiwa kuzito msiitoe kwanza

Naona watu wanaitoa Thunderbird, ile programu ya kusomea na kutuma meili, kwenye kompyuta zao kisa kutafuta meili kunachelewa, unaandika jina la mteja halafu unakaa unasubiri. Jamani msiitoe. Mimi nafanya kazi ofisi ya klaring hapa Dar, meili za miaka na miaka zinatunzwa maana invoisi ya zamani inaweza kuulizwa muda wowote, na hii programu naipenda kwa sababu ikiwa nzito unairekebisha mwenyewe, bure, bila kuita fundi.

Kwanza ina njia mbili za kutafuta na wengi wanazichanganya. Ctrl+K inatafuta kwenye akaunti zote kwa mkupuo, hii ilikuja na toleo la 3 mwaka 2009. Ctrl+Shift+K inachuja folda uliyoifungua tu. Kama unajua meili iko inboksi tumia hii ya pili, inaleta majibu huku bado unaandika, ila usiiambie ipekue mpaka maandishi ya ndani iwapo kutafuta kwa mtumaji au kichwa cha meili kunatosha, hapo ndo inapoelemewa.

Sasa Ctrl+K inategemea indeksi, ni kama daftari programu inajiandikia kwamba neno fulani liko meili fulani, na daftari lenyewe ni faili moja linaitwa global-messages-db.sqlite, liko kwenye folda ya profaili yako, yaani folda ambamo programu inatunza meili na mipangilio yako. Likivurugika unaweza kutafuta meili unayoiona kwa macho ukaambiwa haipo. Dawa yake: nenda menyu ya Help, fungua ukurasa wa troubleshooting, pale kuna kitufe cha kufungua folda ya profaili, ukishaifungua FUNGA THUNDERBIRD KABISA, futa hilo faili peke yake, usiguse lingine, washa tena. Meili zako ziko salama, kilichofutwa ni indeksi tu na inajengwa upya yenyewe. Kama meili ni nyingi itachukua muda na kompyuta itakuwa nzito wakati huo, kwa hiyo anza jioni wakati hakuna kazi, usianze asubuhi bosi anasubiri.

Kingine ni folda zenyewe. Kwa kawaida folda nzima inahifadhiwa kama faili moja, sasa ukifuta meili haitoki papo hapo, inafichwa tu na faili linabaki nene vilevile mpaka ubofye kulia kwenye folda uchague Compact. Weka bekap kwanza. Na wanaotumia IMAP, yaani njia ya kusoma meili zikiwa zimetunzwa kwenye seva, angalieni kama meili zinashushwa kwenye kompyuta, zikibaki kwenye seva tu indeksi haipati maandishi ya ndani, sasa utalaumu programu bure.

Nisichokipenda ni kwamba mambo haya yamefichwa mno, dada wa mapokezi atajuaje kwamba kuna faili la sqlite? Na kwa kompyuta yenye hard disk ya zamani badala ya SSD, ile diski ya kasi, hata ufanye yote haya bado itajikongoja, hilo ni la mashine.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ni programu ya bure inayoendeshwa kwa michango ya watumiaji, ukiweza wachangie chochote.