Over The Cap: daftari la mikataba kwa anayefuatilia makwotabeki wa NFL

Kila Machi, soko la wachezaji huru (waliomaliza mikataba yao) la NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, linapofunguliwa, vichwa vya habari hutaja dau na kuishia hapo. Fulani kamwaga wino, miaka minne, dola milioni 180. Mimi ni mhasibu, na tarakimu ya namna hiyo hainishibishi. Nataka kujua pesa hiyo inalipwa lini, ipi ni ya uhakika (atalipwa hata akitemwa), na ni kiasi gani kitabaki kwenye vitabu vya klabu siku mchezaji atakapotemwa. Ndiyo maana msimu wa usajili tovuti ninayoishi nayo ni Over The Cap, iliyoanzishwa na Jason Fitzgerald. Haina mbwembwe: ni majedwali ya mikataba ya timu zote 32, na kurasa ninazozizungumzia hapa nimezifungua bila kulipia. Kwa shabiki anayetaka kuelewa kwa nini timu yake inamfuata kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) mkongwe badala ya kumsubiri chipukizi, sijaona chombo kinachoikaribia.

Anza na ukurasa wa timu. Kila mchezaji ana mstari wake: mshahara wa msingi, sehemu ya bonasi ya kusaini inayohesabiwa mwaka huo, bonasi nyinginezo, kisha mzigo wake wote ndani ya ukomo wa mishahara, yaani kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake. Ukomo huo ulikuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024, ukapanda hadi milioni 279.2 mwaka 2025. Safu mbili ninazoziangalia kabla ya zote ni ya pesa mfu na ya nafuu ambayo timu itaipata ikimwacha mchezaji. Bonasi ya kusaini mchezaji huipokea mapema, lakini ligi huiruhusu klabu kuigawa kwenye hesabu za miaka ya mkataba, isizidi mitano. Akiondoka kabla ya muda, sehemu ambayo haijahesabiwa huiangukia klabu yote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo pesa mfu: inakula nafasi ya wachezaji walio hai uwanjani huku mwenyewe akivaa jezi nyingine. Akiachwa baada ya Juni 1, mzigo hugawanywa kwenye miaka miwili, na tovuti inakuwezesha kubadili tarehe na kuona hesabu zikijipanga upya papo hapo.

Kirk Cousins ndiye mfano ninaompa kila anayeniuliza. Machi 2024 alitua Atlanta Falcons kwa dola milioni 180, miaka minne. Ukiusoma mkataba ule mstari kwa mstari, unakuta bonasi ya kusaini ya milioni 50, mshahara wa milioni 12.5 mwaka wa kwanza na milioni 27.5 mwaka wa pili. Jumla milioni 90, zote za uhakika tangu siku ya kusaini. Juu yake kulikuwa na milioni 10 za mwaka 2026, ambazo zingekuwa za uhakika iwapo angekuwa bado kikosini katikati ya Machi 2025. Miaka miwili ya mwisho, iliyolibeba dau hadi kufikia 180, karibu yote haikuwa na uhakika. Kwa macho ya mhasibu, Falcons walinunua miaka miwili ya kwotabeki na kujiachia hiari ya kuendelea.

Mwezi uliofuata, kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu hupokezana kuchagua chipukizi) iliyofanyika Detroit, wakamchukua Michael Penix Jr. kwa chaguo la 8. Watu walishangaa, na mimi niliwaelewa, kwa sababu aliyesikia 180 alidhani klabu imefunga ndoa ya miaka minne. Aliyesoma safu ya pesa ya uhakika aliona nafasi ya kwotabeki kijana kuingia mwaka wa pili au wa tatu. Bado nasema walikosea. Sababu yangu ni ileile safu ya pesa mfu: kumtema Cousins kabla ya msimu wa 2025 kungewagharimu milioni 65, yaani milioni 37.5 za bonasi iliyobaki pamoja na mshahara wa mwaka wa pili. Desemba 2024 alipigwa benchi, Penix akaanza mechi tatu za mwisho, na msimu uliofuata klabu ikawa na mzigo wa milioni 40 ulioanza msimu pembeni ya uwanja. Penix mwenyewe, mkataba wake wote wa miaka minne ni kama dola milioni 23.

Pengo hilo kati ya wanaume wawili wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo ndilo linaloendesha NFL nzima, na ukurasa wa drafti wa Over The Cap unalionyesha vizuri kuliko makala yoyote. Unaorodhesha makadirio ya mkataba wa kila chaguo, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kabla hata jina halijatajwa. Chipukizi hana nafasi kubwa ya kubishana, bei imeshapangwa. Zamani haikuwa hivyo. Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alipata dola milioni 78 kwa miaka sita, 50 kati yake za uhakika, na alikuwa hajarusha pasi hata moja katika ligi. Makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yakaja 2011, na chaguo la kwanza la mwaka huohuo, Cam Newton, akasaini milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki chipukizi anayejua kazi ndiye usajili wa bei nafuu kuliko wote.

Pita sasa kwenye mistari ya drafti ya 2025. Cam Ward, chaguo la kwanza, Tennessee Titans: karibu dola milioni 49. Shedeur Sanders, ambaye wengi walimtarajia raundi ya kwanza, akateremka hadi chaguo la 144 kwa Cleveland Browns: takriban milioni 4.6 kwa miaka ileile minne. Katikati yao yuko Tyler Shough, chaguo la 40 la New Orleans Saints, na huyu ana habari tamu. Kiangazi kile wachezaji wengi wa raundi ya pili walikataa kusaini baada ya Houston Texans kumpa Jayden Higgins, chaguo la 34, mkataba wenye uhakika wa asilimia 100, jambo ambalo raundi hiyo haikuwa imelizoea. Shough naye aliondoka na uhakika wa asilimia 100. Niliifuatilia safu ya pesa ya uhakika ikijazwa jina baada ya jina, na kwangu ilisisimua sawa na mechi.

Denver Broncos nao wanastahili dakika tano za muda wako. Walipomwacha Russell Wilson Machi 2024, walibeba pesa mfu ya milioni 85: milioni 53 mwaka huo na 32 mwaka uliofuata. Kwa hesabu hiyo nilitarajia timu iliyopooza. Kilichowaokoa ni kumchukua Bo Nix kwa chaguo la 12, mkataba wa takriban milioni 18.6, wakamaliza kwa ushindi 10 na vipigo 7 na kurudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu waliotwaa ubingwa wa 2015. Wilson aliibukia Pittsburgh Steelers kwa kima cha chini cha wakongwe, dola milioni 1.21, Broncos wakilipa mshahara wake uliobaki.

Kuna ukurasa mwingine ambao wageni wengi huupita bila kuufungua: wa chaguo za fidia. Timu inayopoteza wachezaji huru wengi au wa thamani kubwa kuliko iliowasajili hupewa chaguo za ziada kwenye drafti ya mwaka unaofuata, kati ya raundi ya tatu na ya saba. Aliyetemwa na klabu yake haingii kwenye hesabu hiyo. Tovuti inawapanga walioingia na waliotoka, nani anamfuta nani, na unaanza kuelewa kwa nini baadhi ya mameneja hukaa kimya wiki ya kwanza ya soko na kuamka siku chache baada ya drafti, muda wa kuhesabiwa ukishapita.

Sasa mipaka yake. Tovuti hii haitakuambia nani anajua kurusha mpira. Bryce Young na C.J. Stroud, chaguo la kwanza na la pili la 2023, mikataba yao imepishana kidogo sana. Stroud akawa chipukizi bora wa mashambulizi mwaka huohuo, Young akapigwa benchi baada ya mechi mbili tu za msimu wake wa pili. Hakuna safu ya kulikamata hilo. Wala hakuna safu iliyomwona Sam Darnold, aliyechukuliwa wa tatu mwaka 2018 na New York Jets, akazunguka klabu kadhaa, akatua Minnesota Vikings 2024 kwa milioni 10 za mwaka mmoja na kuwapa ushindi wa mechi 14. Seattle Seahawks walimpa milioni 100.5 kwa miaka mitatu Machi 2025. Wengi waliita kamari. Mimi nilitazama pesa ya uhakika siku ya kusaini, milioni 37.5, nikasema hapa klabu imejilinda vizuri sana. Februari 2026 alibeba Super Bowl, ubingwa wa ligi. Pesa ilinionyesha kwamba hatari ilikuwa ndogo. Ubora wake ilibidi niuone kwenye mechi.

Ugumu mwingine ni wa istilahi. Miaka hewa, ile inayoongezwa mwishoni mwa mkataba ili kusambaza bonasi, inaonekana kwenye jedwali kama miaka isiyo na mshahara, na asiyeijua atadhani mchezaji amefungwa hadi 2030. Kwa mgeni ningeshauri aanze na timu anayoipenda, amtafute kwotabeki wake, abonyeze chaguo la kuachwa kabla na baada ya Juni 1, kisha aende kwenye kikokotoo cha tovuti hiyo ajaribu kuijenga timu mwenyewe ndani ya ukomo. Atakapojaribu kumbakiza kila mtu na kumlipa kwotabeki milioni 50 kwa mwaka, ataona mwenyewe ni majina gani yanaanza kukatwa.