Uzoefu wangu na Yamaha DT 175 iliyofufuliwa na fundi wa injini za mitumbwi, Kirumba

Kama una pikipiki ya zamani ya tu-stroki, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, na uko Mwanza, usiipeleke kwa mafundi wa bodaboda. Ipeleke Kirumba, kwa wale wanaotengeneza injini za mitumbwi. Mimi nilipeleka Yamaha DT 175 iliyokaa miaka chini ya mwembe huko Misungwi, kuku wakitagia kwenye siti yake, na leo naiendesha na ninaipenda kuliko chombo chochote nilichowahi kumiliki. Naandika kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila nikisimama nayo sheli: umeitoa wapi, nani kakutengenezea, na je, inafaa?

Inafaa, ila si kwa kila mtu. Na ili nieleze inamfaa nani, lazima nianzie mbali kidogo.

Huku kanda ya ziwa wengi tuliijua DT kama pikipiki ya kazi. Ya bwana shamba, ya bwana mifugo, ya watu wa chanjo, ya paroko anayekwenda kusalisha vigangoni. Mimi niliijua pia kwa upande wa mbio, kwa sababu ya bruda mmoja Mbelgiji aliyesimamia gereji ya misheni nilikokulia. Ukutani, juu ya meza ya vifaa, alibandika picha ya Roger De Coster akiwa hewani na Suzuki ya njano, magurudumu yote mawili yameacha ardhi. Bruda alikuwa akituambia: huyu ni mtu wa kwetu, bingwa wa dunia wa motokrosi, zile mbio za pikipiki za njia za udongo, daraja la cc 500 mara tano, 1971, 1972, 1973, 1975 na 1976. Ule mwaka wa katikati, 1974, taji lilikwenda kwa Mfini Heikki Mikkola na Husqvarna yake. Ndio mwaka ambao Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, na bruda alikuwa akizitaja habari hizo mbili pamoja ili tuelewe kwamba De Coster kwao ni Bayi kwetu.

Mwingine aliyempenda ni Joël Robert, aliyechukua ubingwa wa dunia wa cc 250 mara sita: mara tatu kwa CZ ya Chekoslovakia, kisha mara tatu mfululizo, 1970 hadi 1972, kwa Suzuki. Huo wa 1970 ndio ubingwa wa kwanza wa motokrosi kwenda kwa pikipiki ya Kijapani. Alitusimulia pia mashindano ya Namur, kwao Ubelgiji, ambako njia ilizunguka ngome ya zamani juu ya kilima, pikipiki zikitoka msituni kwenye matope na mizizi, zikakatiza lami mbele ya mkahawa, zikarudi tena msituni. Tulikuwa tunasikiliza midomo wazi. Mbio zile zilikuwa za watu wenye suruali ya ngozi na kofia isiyofunika uso, juu ya vyombo ambavyo fundi wa kijijini angeweza kuvifungua na kuvifunga kwa spana za kawaida. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu ninapotazama motokrosi ya leo. Vijana wa sasa ni hodari kupita kiasi, sibishi, lakini pikipiki zao huwezi kuzigusa bila kompyuta.

Sasa, DT inaingiaje hapo? Inaingia kwa shokapu. Ukiitazama DT 175 ya toleo hili kwa nyuma utaona haina shokapu mbili za pembeni kama Boxer au TVS. Ina moja tu, ndefu, imelala chini ya tenki. Mfumo huo aliubuni mhandisi wa Kibelgiji, Lucien Tilkens, Yamaha wakaununua, na mwaka 1973 Mswidi Håkan Andersson akachukua nao ubingwa wa dunia wa cc 250. Mwaka 1975 ukaingia kwenye YZ, pikipiki za mbio za Yamaha za kuuzwa madukani, na kabla miaka ya 1970 haijaisha ulikuwa umefika kwenye DT, yaani pikipiki ya bwana shamba. Faida yake ni kubwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 gurudumu la nyuma la pikipiki ya mbio lilicheza kama sentimita 10 tu juu na chini. Miaka kumi baadaye lilikuwa linacheza kama sentimita 30. Waendeshaji wakaanza kuruka sehemu ambazo zamani walizipita wamesimama, magoti yamekunjwa, wakiomba Mungu. Kwa hiyo paroko wetu alipokuwa anavuka makorongo kwenda kusalisha, alikuwa amekalia kitu kilichotoka moja kwa moja kwenye mbio za kina Andersson. Nadhani hakujua. Bruda alijua.

Nirudi Kirumba. Kabla ya hapo nilizunguka gereji za mjini, na kila fundi aliniambia tupa injini, weka ya Kichina. Siwalaumu, kwani wamekulia kwenye fo-stroki, na tu-stroki kwao ni mgeni. Lakini hapa ziwani injini nyingi za mitumbwi bado ni tu-stroki, na kuna watu ambao hawajafanya kazi nyingine maisha yao yote. Mzee niliyepelekwa kwake ana kibanda si mbali na mwalo. Nilikuta mezani kwake injini ya mtumbwi, Yamaha ya hosipawa 40, imefunguliwa kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni DT? Iingize kivulini, jua lisiichome zaidi."

Hakuuliza inauzwa bei gani wala kwa nini nahangaika nayo. Akatoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nipige kiki taratibu. Akasema mgandamizo upo ila dhaifu. Alipofungua silinda aliingiza kidole, akakipitisha polepole kuzunguka ukuta wa ndani macho yakiwa yametazama pembeni kabisa, kana kwamba anasikiliza kitu, akakisimamisha karibu na tundu la ekzosi. Akanishika mkono na kunielekeza kidole changu hapohapo: kulikuwa na mchubuko mwembamba ambao macho hayakuuona. Kisha akatoa ridi, vile vijiulimi vyembamba vinavyokaa kati ya kabureta na injini, akaviinua juani kuona kama mwanga unapenya. Upande mmoja ulipenya. "Hapa ndipo anapopotezea nguvu," akasema. Injini anaiita "yeye" kila mara.

Kazi aliyofanya ni hii. Silinda ilikwenda kuchongwa saizi moja juu, pistoni na ringi mpya, ridi mpya, kabureta ikaoshwa mpaka tundu la mwisho. Sili za krenki, zile ringi za mpira zinazozuia hewa isipenye kwenye ncha za krenki, alizibadilisha zote mbili ingawa nilikuwa nimemwambia tupunguze gharama. Alikataa katakata, na sababu aliyonipa ni ya kuikariri: kwenye tu-stroki, chumba cha krenki ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko wa hewa na petroli, hivyo sili ikivuja inaingia hewa ya ziada, injini inakosa petroli na oili ya kutosha, inachemka, na pistoni inatoboka. Mafundi wengi hubadilisha pistoni na kuacha sili, halafu mteja anarudi analia.

Ekzosi nayo. Nilikuwa nimeshauriwa na vijana niikate lile tumbo, sehemu yake iliyovimba, ili ipige kelele nzuri. Mzee aliniambia nikiikata nisirudi kwake. Lile tumbo lina kazi: linarudisha wimbi la hewa kuelekea silinda na kuzuia petroli mbichi isitoroke kabla haijaungua. Elimu hiyo iliivishwa na Mjerumani Walter Kaaden katika kiwanda cha pikipiki cha MZ, na ikafika Japani baada ya mwendeshaji wake, Ernst Degner, kutoroka Ujerumani Mashariki mwaka 1961 na kujiunga na Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki ikawa bingwa wa dunia wa mbio za lami za cc 50. Mzee hajui majina hayo, lakini anajua tumbo la ekzosi halikatwi. Aliichoma masizi kwa moto, akaigongagonga, akairudisha.

Jambo moja liliniumiza. Pistoni ya kwanza niliuziwa duka moja la mjini kama jenyuini, kwenye boksi lenye nembo na kila kitu. Mzee aliipima, akaona unene wa sketi, sehemu ya chini ya pistoni, haulingani pande mbili, akairudisha kwenye boksi bila hata kuijaribu. Duka lilikataa kunirudishia fedha. Ile nzuri ilikuja kwa mtu anayefuata vipuri Nairobi. Nawaomba sana wanaouza vipuri vya hizi mashine: pistoni feki ikikwama uko mwendo wa themanini, gurudumu la nyuma linafunga, na hapo ni maisha ya mtu.

Kuhusu oili nisomeni vizuri. DT ina tenki lake la oili na pampu inayofuata resi, ukivuta zaidi inamwaga zaidi, kwa hiyo huchanganyi mwenyewe kama wavuvi wanavyofanya kwenye madumu. Kirumba oili ya tu-stroki ipo kila duka, na bei ni nafuu, lakini nyingi ni ya injini za mitumbwi, zinazopozwa na maji ya ziwa. DT inapozwa na upepo na inachemka zaidi. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD kwenye kopo, ambazo ni alama za Kijapani za ubora wa oili ya tu-stroki. Ya mtumbwi itakutembeza, ila itajaza masizi na ringi zitaganda.

Naiendeshaje? Siku ninayopata nafasi natoka alfajiri kupitia Buhongwa mpaka Usagara, nashika upande wa Bukumbi, halafu naacha lami na kufuata njia za ng'ombe. Resi ya chini ni ya upole, karibu ya uvivu. Ukiivuta inafika mahali sauti inabadilika, inakuwa kali na nyembamba, na pikipiki inajisukuma mbele yenyewe. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Gurudumu la mbele la inchi 21 linapanda mawe ya huku kwetu bila kushtuka, na kwenye mchanga wa kando ya ziwa, ukisimama na kuegemea nyuma, inaelea. Boxer ya kaka yangu ingezama hapohapo. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi, mvua ikinyesha hakuna pikipiki inayoshinda. Matope yanajaa chini ya madigadi na gurudumu linasimama. Madigadi ya mbele ya DT yako juu, kwa hiyo unapata mita kadhaa zaidi kuliko wenzako, basi.

Breki ni za ngoma mbele na nyuma na ni dhaifu. Zikilowa unapaswa kuzikamata mapema ili zikauke. Taa haitoshi kutembea usiku barabara ya Shinyanga na malori yale. Inakunywa petroli kuliko boda yoyote na moshi unanuka kwenye nguo. Anayetaka kupata hesabu ya siku asiiguse, anunue Boxer. Ukikuta ya kununua, dai kadi kabla ya kutoa hata shilingi, maana bila kadi hutabadilisha umiliki TRA. Mimi kununua na kutengeneza vyote viwili vilibaki chini ya bei ya Boxer mpya, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye vipuri, si kwenye ufundi. Mzee alitaja bei moja mwanzoni na hakuiongeza. Nilimwongezea mwenyewe.

Kazi yake naipa nyota tano, pikipiki naipa nne kwa sababu ya breki. Ukitaka kwenda kwake au kwa wenzake pale mwaloni, angalia mwezi kwanza. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, ndipo wanapoleta injini zao zote matengenezo, na pikipiki yako itasubiri nyuma ya mitumbwi. Nenda siku za giza, zisizo na mbalamwezi, tena mchana, wavuvi wakiwa wamelala. Atakuwa na muda wa kuingiza kidole kwenye silinda yako bila haraka.