Nimenunua "asili ya ukoo" kwa pauni 35, kilichobaki ni fremu

Baba mkwe wangu jina lake la ukoo ni Shufflebottom, mtu wa Bolton kule England, na kabla hujacheka ujue Waingereza wenyewe wanacheka, maana bottom kwao siku hizi ni makalio, mzee anasema shuleni alikoma. Sasa katimiza miaka 70 nikasema ngoja nimletee kitu cha maana, nikaoda kwenye duka moja la onlaini ile karatasi ya fremu yenye asili ya jina na nembo ya ukoo.

Fremu nzuri siongopi, mbao kabisa na kioo kilifika kizima. Ila maandishi sasa! Eti babu yao alikuwa shujaa wa vita alokuja na William, yule Mnormandi alovamia England mwaka 1066, chini kachorwa simba mwekundu kasimama miguu miwili. Mzee kavaa miwani, kasoma mpaka mwisho, akanambia asante binti ila sisi tulikuwa watu wa kondoo.

Na kweli bwana. Jina limetoka sehemu inaitwa Shipperbottom, karibu na Bury, jirani na Bolton, zamani ikihesabiwa Lancashire, na bottom kwenye Kiingereza cha zamani ni bonde, na hiyo Shipper ni mambo ya kondoo na maji, yani jina zima ni bonde lenye maji ya kuoshea kondoo. Ni kama kwetu pwani ukisikia mtu anaitwa Barawi ushajua wazee wake ni wa Barawa. Makarani wakawa wanaandika wanavyosikia, ndo maana kuna Shufflebotham, kuna Shoebottom. Halafu nembo kule hapewi kila mwenye jina, anapewa mtu na uzao wake, na kuna ofisi London inaitwa College of Arms inashughulika na hayo toka 1484, kwa hiyo huyo simba ni wa nani hata duka halijui.

Bora FreeBMD, tovuti ya bure kabisa, watu wanajitolea kunakili orodha za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales kuanzia 1837. Nimeandika jina tu mistari ikaanza kushuka, Bolton, Bury, Bolton, Bolton tena, raha! Angalieni tu, miaka ya zamani hawaandiki tarehe wanaandika robo ya mwaka kwa jina la mwezi wake wa mwisho, mi nimekesha nikidhani babu wa watu kazaliwa Machi kumbe maana yake kaandikishwa kati ya Januari na Machi.

FreeBMD nyota 5. Duka nyota 2, zote za fremu, mzee kamtoa simba kaweka picha ya mbwa wake.