PipeWire na hedifoni: sauti safi, mipangilio imefichwa

Zamani hedifoni ikikaa kimya kwenye Linux, lawama zote zilikwenda kwa PulseAudio, programu iliyokuwa ikisimamia sauti. Siku hizi kazi ya kusimamia sauti inafanywa na PipeWire, mradi ulioanzishwa na Wim Taymans wa Red Hat. Fedora 34 iliufanya kuwa mfumo wake mkuu wa sauti mwaka 2021, Ubuntu ikafuata kwenye 22.10, na toleo 1.0 likatoka Novemba 2023. Hapa tunaupima kwa mambo mawili tu: ukichomeka hedifoni, sauti inatoka? Na isipotoka, mfumo unakusaidia kujua kasoro iko wapi?

La kwanza inalimudu vizuri. La pili inakuacha ujitafutie.

Dirisha la mipangilio la GNOME, eneo-kazi la Linux, linaonyesha machache mno, kwa hiyo cha kwanza ni kuweka pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti (sudo apt install pavucontrol). Iliandikwa kwa ajili ya PulseAudio lakini inaelewana na PipeWire bila tabu, na kwa kweli ilipaswa kuja na kila mfumo. Cheza wimbo, kisha fungua kichupo cha Playback. Mstari wa sauti ukirukaruka huku masikioni kimya, ujue programu yako haina kosa. Sauti inapelekwa kwingine, mara nyingi kwenye HDMI ya skrini. Nenda Output Devices, uangalie sehemu ya Port. Ikiandika "Headphones (unplugged)" na pini imechomekwa, kompyuta haijaihisi pini. Kwenye laptopu za mtumba hilo mara nyingi ni tundu lililochakaa au lililojaa vumbi, na hakuna amri itakayolisafisha.

Pini ikihisiwa na bado kimya, shuka ngazi moja chini, kwenye ALSA, sehemu ya Linux inayoongea na kadi ya sauti moja kwa moja. Hapa wengi hupotea: wanafungua alsamixer (vidhibiti vya ALSA kwenye terminali), wanaona mstari mmoja umejaa, wanadhani kila kitu kiko sawa. Mstari huo ni wa PipeWire. Bonyeza F6, chagua kadi yenyewe, ndipo utaona Master, Headphone na Speaker. Chini ya Headphone pakiwa na MM, imenyamazishwa. Bonyeza M igeuke 00, pandisha sauti, kisha hifadhi kwa sudo alsactl store. Kama spika zinaendelea kupiga pamoja na hedifoni, tafuta Auto-Mute Mode uiweke Enabled.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wana ugonjwa wao. Ukitoka Windows kwa kuwasha upya, chipu ya Realtek inaweza kubaki katika hali iliyoachwa na dereva wa Windows, na tundu la hedifoni likawa bubu. Zima mashine kabisa, uiwashe tena. Ikirudia kila mara, zima Fast Startup kule Windows, kwani inaizuia mashine kuzimika kabisa.

Ukiona "Dummy Output" badala ya kadi, usianze na PipeWire. Mara nyingi keneli, kiini cha Linux, haijapata kadi ya kufanya nayo kazi. Kwenye laptopu nyingi mpya za Intel kinachokosekana ni faili za SOF, programu ndogo inayoendesha chipu ya sauti: firmware-sof-signed kwa Debian, alsa-sof-firmware kwa Fedora, sof-firmware kwa Arch. Weka, washa upya.

Sauti inayokwaruza inapimwa kwa pw-top, amri inayoonyesha kazi za PipeWire zinavyokwenda. Tazama safu ya ERR wakati muziki unapiga. Namba ikipanda, kompyuta inachelewa kujaza sauti kwa wakati. Kawaida PipeWire inapika sampuli 1024 kwa mkupuo, yaani kama milisekunde 21 kwenye 48000 Hz. Ongeza:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048

Ucheleweshaji unafika milisekunde 43 hivi, jambo ambalo msikilizaji wa muziki hatalihisi, ila mpiga kinanda atalalamika. Kurudisha ilivyokuwa, weka 0 mahali pa 2048. Lakini kama ERR imetulia na unasikia "tap!" kila wimbo unapoanza baada ya kimya, hiyo ni kadi inayolala ili kuokoa umeme. Jaribu:

echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikitulia, andika options snd_hda_intel power_save=0 ndani ya faili la .conf kwenye /etc/modprobe.d/ ili ibaki hivyo hata ukiwasha upya.

Kwa Bluetooth PipeWire inastahili sifa. Kodeki (njia za kubana sauti) za LDAC na AAC zinapatikana ikiwa hedifoni inazo na mfumo wako umezijumuisha, na unabadilisha kodeki kwenye kichupo cha Configuration cha pavucontrol. Lalamiko kubwa ni muziki kugeuka ghafla kama wa redio ya mbali. Sababu ni maiki: programu ya simu ikiifungua, hedifoni inaacha A2DP (hali ya muziki) na kuingia HFP (hali ya simu), ambako kodeki ya mSBC inafika 16 kHz na ya CVSD 8 kHz tu. Tumia maiki ya laptopu, kisha zima uhamaji huo:

wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Na hapa ndipo tunapoipunguzia alama. Amri hiyo ni ya WirePlumber 0.5, msimamizi wa PipeWire aliyetoka mwaka 2024. Toleo 0.4, ambalo ndilo liko Ubuntu 24.04, linasanidiwa kwa mafaili ya Lua (lugha ya programu), na 0.5 haiyasomi kabisa. Kabla ya kunakili maelekezo yoyote, andika wireplumber --version. Mipangilio ikishavurugika, futa kumbukumbu yake na uanze upya, bila sudo kwenye amri yoyote kati ya hizi mbili:

rm -r ~/.local/state/wireplumber
systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse